Risasi Ilikwisha, Gharama Ikabaki: Fundisho la Mgodi wa Mpanda

Aghalabu maendeleo ya viwanda katika nchi changa huelezwa kwa tani za mali iliyozalishwa, thamani yake katika masoko ya nje, na urefu wa reli iliyojengwa. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini havitoshi. Kuna hesabu nyingine ambayo haionekani katika vitabu vya makampuni: ni nani aliyelipa gharama ya kumlea mfanyakazi, ni nani aliyemtunza alipougua, na ni kitu gani kilichobaki kwa wananchi kiwanda kilipofungwa. Mji wa Mpanda, ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, unafaa sana kwa uchunguzi wa hesabu hiyo, kwa kuwa kiwanda chake cha kwanza kilizaliwa, kikakua na kufa katika kipindi kisichofikia umri wa mtu mmoja.

Mgodi na Reli

Mashapo ya risasi katika eneo la Mpanda yaligunduliwa mwaka 1934 na mtafutaji madini Mbelgiji, Jean de la Vallée Poussin. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals iliyaendeleza hadi kuwa mgodi kamili. Jiwe lililotafutwa lilikuwa galena, yaani risasi iliyoungana na salfa, na pamoja nayo mlikuwa na fedha, shaba na dhahabu kidogo. Jiwe la namna hii halina faida likisafirishwa kama lilivyotoka ardhini. Hapana budi lipondwe, lisagwe hadi kuwa unga, kisha unga huo utiwe katika maji yenye dawa na povu, ili chembe za madini zielee na mchanga usio na thamani ubaki chini. Kinachopatikana ni makinikia, neno ambalo Watanzania wengi walilisikia kwa mara ya kwanza mwaka 2017, ingawa Mpanda ilikuwa imekwisha kuzalisha makinikia zaidi ya nusu karne kabla ya hapo.

Mzigo mzito namna hiyo haukuweza kubebwa kwa malori katika barabara za udongo zinazokatika kila masika. Ndipo ilipojengwa njia ya reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, kwenye Reli ya Kati, kuvuka Mto Ugalla hadi Mpanda. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1950. Kwa muongo mmoja hivi risasi ilikuwa miongoni mwa madini muhimu yaliyouzwa nje na Tanganyika, ikitanguliwa na almasi ya Mwadui. Mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru, mgodi ulifungwa.

Kwa mwanauchumi wa makampuni hadithi inaishia hapo. Kwa mwanasayansi wa jamii ndipo inapoanzia.

Mshahara wa Mtu Asiye na Familia

Nchi ya Wabende, Wakonongo na Wapimbwe ilikuwa na watu wachache na mbung'o wengi. Watu waliishi kwa kilimo, uwindaji, uvuvi, na biashara ya asali na nta. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha wengi wao katika vijiji vya pamoja ili kupambana na malale. Wakati huo huo kodi, ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1897 na Waingereza wakaiendeleza, ililazimisha kila nyumba kutafuta fedha taslimu. Kwa hiyo, mgodi wa Mpanda ulipoanza, magharibi ya Tanganyika ilikuwa tayari imezoea kuwatoa vijana wake kwenda mbali kufanya kazi: Waha kwenda katika mashamba ya katani ya pwani, Wafipa kwenda katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya.

Utaratibu huo wa vibarua wa kuhamahama ulikuwa na kanuni yake ya uchumi. Mshahara ulikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mmoja: chakula chake, nguo yake na kodi yake. Mkewe, watoto wake na wazazi wake hawakuwamo katika hesabu, kwa kuwa ilichukuliwa kwamba shamba la nyumbani litawalisha. Na shamba hilo lililimwa na nani? Na mwanamke, ambaye sasa alilima peke yake, akafyeka peke yake, na akawatunza wazee peke yake. Kwa maneno mengine, kila tani ya madini iliyouzwa kwa bei nafuu ilikuwa imechangiwa na jembe la mwanamke ambaye pengine hakuwahi kuliona shimo la mgodi.

Haifai kudhani kwamba utaratibu huo ulikuwa sheria ya maumbile. Katika Katanga, kampuni ya Union Minière ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaajiri wafanyakazi kwa mikataba mirefu na kuwapa nyumba pamoja na wake na watoto wao. Haikufanya hivyo kwa huruma. Iligundua kwamba mfanyakazi anayeondoka kila baada ya miezi michache huondoka na ujuzi wake, na kumfundisha mwingine ni hasara. Tena familia zile zilikaa chini ya usimamizi mkali wa kampuni. Hata hivyo, mfano huo unathibitisha jambo moja: mshahara wa kapera ulikuwa uamuzi wa watu, nao ungaliweza kuamuliwa vingine.

Ushahidi wa Lugha

Lugha ya Kiswahili imehifadhi kumbukumbu za kipindi hicho kuliko makabrasha mengi. Neno manamba lilitokana na namba aliyopewa kibarua badala ya jina lake. Kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda wala wa kuandama, maana siku ya ugonjwa haikuandikwa, na mwezi mmoja wa kadi ungeweza kuchukua wiki nyingi za maisha. Posho, ambayo leo huwafanya watu wafikirie bahasha ya semina, ilikuwa kipimo cha unga na maharage. Nyapara alikuwa mtu aliyesimama kati ya mwajiri na kibarua, akiogopwa na huyu na kutumiwa na yule.

Maneno hayo yanaonyesha kwamba badiliko kubwa halikuwa la zana peke yake. Mkulima hufuata msimu. Kuna miezi ya kuchoka na miezi ya kupumua. Mtambo wa kusaga mawe haujui msimu. Mtu aliyezoea kuamua mwenyewe ni lini apumzike sasa alipangiwa hayo na mtu mwingine.

Kusema haya si kukana kwamba mshahara ulileta manufaa. Kijana aliyekuwa na fedha zake aliweza kununua baiskeli, kulipa mahari bila kumtegemea mjomba, na kumpeleka ndugu yake shuleni. Wafanyakazi wa makabila mbalimbali walijifunza kuzungumza lugha moja na kudai haki pamoja. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa Septemba 1947 ulisambaa kufuata reli hadi miji ya bara, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika. Kiwanda kilimnyonya mfanyakazi, na papo hapo kikampa wenzake wa kusimama naye.

Magonjwa Yanayochelewa

Hasara iliyo ngumu kuiona ni ile ya afya, kwa sababu magonjwa ya migodini hayana haraka. Vumbi la miamba yenye silika likivutwa kwa muda mrefu hutia makovu katika mapafu na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na dawa ya kuuponya. Dalili zake zaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi, na mapafu yaliyodhoofika hivyo hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu. Risasi nayo ikiingia mwilini hujificha katika mifupa kwa miaka mingi. Humdhuru mtu mzima katika figo, mishipa ya fahamu na shinikizo la damu. Humdhuru mtoto katika ukuaji wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Hapa ndipo utaratibu wa vibarua wa kuhamahama ulipomfaidia mwajiri mara ya pili. Mtu aliyeanza kukohoa alirudi kwao, akaugua kwao, akafa kwao. Kifo chake kiliandikwa katika kumbukumbu za ukoo, si za mgodi. Sheria ya kuwafidia wafanyakazi walioumia kazini ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1940, lakini sheria hiyo humfaa zaidi aliyevunjika mguu mbele ya mashahidi kuliko aliyeugua polepole mamia ya maili kutoka kazini. Mfuko wa Taifa wa Akiba ya Wafanyakazi ulianzishwa mwaka 1964, miaka minne baada ya mgodi wa Mpanda kufungwa. Kizazi kizima cha wachimbaji wa risasi kiliingia na kutoka kabla mfuko huo haujakuwapo.

Uingereza yenyewe ilikuwa imekwisha kupitia njia hii. Sheria yake ya mwaka 1833 ilikataza kuajiri watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo. Ya mwaka 1842 iliwaondoa wanawake na wavulana wa chini ya miaka 10 katika kazi za chini ya ardhi migodini. Kila sheria ilitanguliwa na miaka mingi ya vifo na vilema. Mataifa ya viwanda yalikuwa na ujuzi huo karne nzima kabla ya mgodi wa Mpanda, lakini mashine zililetwa haraka na kinga ikafuata nyuma taratibu.

Kilichobaki

Mgodi ulipofungwa, reli haikung'olewa. Ilibaki kwa kuwa ilikuwa njia ya umma, nayo ikapata kazi nyingine: kusafirisha abiria, mahindi na tumbaku. Makazi ya wakimbizi kutoka Burundi, Katumba yaliyoanzishwa mwaka 1973 na Mishamo yaliyofuata mwishoni mwa muongo huo, yaliigeuza Mpanda kuwa mji wa wakulima. Kile kilichojengwa kwa ajili ya wote kiliendelea kuwafaa wote. Kile kilichokuwa cha kampuni kilikwisha pamoja na kampuni. Na mfanyakazi, ambaye hakuwa na hisa wala akiba ya uzeeni, alirudi katika jembe.

Tofauti hiyo ndiyo fundisho kuu la Mpanda. Mali iliyo chini ya ardhi ina mwisho, na siku ya mwisho huo yaweza kukadiriwa tangu mwanzo. Kwa hiyo mpango wa kufunga mgodi, na wa kuwatunza waliouchimba, ni sehemu ya mpango wa kuufungua.

Machimbo ya Leo

Suala hili si la historia tu. Katika machimbo ya dhahabu ya Katavi, kama yale ya Ibindi na Dirifu, maelfu ya vijana wanaingia katika maduara yaliyoshikiliwa na matimba ya miti. Mawe yao yanasagwa katika karasha, vumbi likitanda bila kinga, kisha dhahabu hukamatwa kwa zebaki katika mwalo. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki, lakini moshi wa zebaki inayochomwa haumwulizi mvutaji kama mkataba umeridhiwa.

Tena, mwanaapolo wa leo mara nyingi halipwi mshahara. Hulipwa mgawo wa mifuko ya mawe baada ya mwenye duara na mwenye leseni kuchukua sehemu zao. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, ulikusudiwa mwajiri anayejulikana na mwajiriwa aliyeandikishwa. Mwanaapolo hana karatasi ya ajira. Duara likimwangukia, au kifua kikimbana akiwa na miaka 40, atarudi kwa mama yake kijijini, kama alivyorudi kibarua wa mwaka 1955.

Mambo matatu yanastahili kufanywa, na yote yamo katika uwezo wa nchi. Kwanza, kila mchimbaji aandikishwe kwa jina, awe wa mshahara au wa mgawo, na sehemu ndogo ya dhahabu inayouzwa katika masoko ya madini iwekwe katika akiba na fidia yake. Masoko hayo, yaliyoanzishwa mwaka 2019, tayari yanapima kila gramu. Mizani ile ile inayompatia serikali mrabaha yaweza kumpatia mchimbaji bima. Pili, wachimbaji wapimwe mapafu kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, na kumbukumbu zao ziwafuate hadi zahanati za vijijini kwao. Tatu, udongo na maji karibu na machimbo ya zamani ya risasi na ya dhahabu vipimwe, na matokeo yatangazwe kwa wakazi kwa lugha nyepesi, kabla ya viwanja kugawiwa. Mji wa Kabwe, nchini Zambia, ambako risasi ilichimbwa na kuyeyushwa hadi mwaka 1994, bado una watoto wenye risasi nyingi katika damu. Mpanda haikuwa na tanuri kama la Kabwe, kwa hiyo haifai kuwatisha watu bila ushahidi. Lakini kupima ni kazi nafuu kuliko kutibu.

Yapo maoni kwamba masharti kama haya yatamlemea mchimbaji mdogo na kuchelewesha maendeleo ya mkoa. Maoni hayo yanasahau kwamba gharama hizi hulipwa kwa vyovyote. Zisipolipwa na dhahabu, zitalipwa na mwanamke anayelima peke yake, na mtoto anayeacha shule ili amuuguze baba. Katavi ililipa kwa namna hiyo mara moja, wakati watu wake hawakuwa na sauti katika serikali. Sasa sauti wanayo, na bandari ya Karema pamoja na njia mpya za usafiri zitavuta wachimbaji na mitambo mingi zaidi. Uandikishaji, upimaji na akiba vinapaswa kuanza sasa, kabla mitambo hiyo haijafika.