Kutoa ni Moyo, na Miguu Pia

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tunaifundisha kila mwaka. Wanafunzi huieleza vyema katika insha zao, hujipatia alama, kisha kila mtu hushika njia yake. Mimi mwenyewe nimeifundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninakiri kwamba sikuielewa barabara hadi likizo ya Agosti mwaka jana, nilipopanda baiskeli pamoja na mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka 16, tukatoka Nairobi kwenda Mombasa, mwendo wa kilomita 480 hivi, kwa siku sita.

Baadhi ya walimu wenzangu walicheka. Mmoja aliuliza iwapo nauli ya basi ilikuwa imenishinda. Lakini yuko aliyeniuliza swali lisilo la mzaha: ikiwa nia yenu ni kusaidia, mbona msichukue fedha za chakula na za mafuta ya gari litakalowafuata, mkampa mhitaji, mkaketi nyumbani? Swali hilo ni zito, na ndilo linalonifanya nishike kalamu leo.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika darasa la mwanangu kuna kijana asiyeona. Wakati huo alikuwa akiandika maandishi ya nukta nundu kwa kibao na kalamu ya chuma, akitoboa nukta moja baada ya nyingine kutoka kulia kwenda kushoto, ili ukurasa ukigeuzwa usomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Mwalimu akiwa na haraka, naye aghalabu huwa nayo, kijana huachwa nyuma. Ipo mashine yenye vibonyezo sita, kimoja kwa kila nukta, ambayo huandika herufi nzima kwa mkandamizo mmoja tu. Lakini bei yake hupita mshahara wa mwezi wa walimu wengi, na ile moja kuukuu iliyokuwako shuleni ilikuwa imeharibika.

Wazo la safari halikuwa langu. Mwanangu alilileta mezani tukila chajio, akasema yeye na rafiki yake wangeiendea Mombasa kwa baiskeli na kuwaomba watu wachangie kwa kila kilomita. Nikamwambia kwamba mtoto wangu hataiingia barabara ile ya malori peke yake maadam mimi ni hai. Akanitazama, akajibu kwa upole, "Basi twende sote, Mama." Rafiki yake alikatazwa na wazazi wake. Mimi nilikuwa nimekwisha kunaswa na maneno yangu mwenyewe.

Tulijizoeza kwa miezi minne. Wakati huo mwanangu alizunguka mtaani na daftari la mistari. Hakuomba mchango wa mkupuo. Aliomba ahadi ya kila kilomita. Muuza makaa wa jirani yetu aliahidi shilingi moja, yaani shilingi 480 safari ikitimia. Mshonaji nguo aliahidi senti hamsini. Watu waliuliza, "Na msipofika?" Naye aliwajibu kwamba tukiishia Voi watalipa za Voi. Hapo ndipo nilipoanza kuliona jibu la swali la mwenzangu. Mchango wa namna hii hauchukuliwi kabla kazi haijafanywa. Mwombaji hujifunga kwanza yeye, na neno lake hupimwa kwa jiwe la maili.

Yule mwanafunzi asiyeona naye alitoa sharti lake. Hakutaka picha yake ipigwe wala asimamishwe mbele ya watu siku ya kuondoka. Alisema watu waelezwe kazi ya mashine, si masaibu yake. Sharti hilo lilinifundisha mengi. Ni mara ngapi tumewapanga watoto jukwaani, tukawaimbisha unyonge wao, ili wageni wafungue pochi? Msaada unaomvua mtu heshima ni mkopo wenye riba kubwa.

Basi tuliondoka. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, safari ya Mombasa ni kuteremka tu. Asiyeamini ajaribu vilima vya kabla ya Sultan Hamud. Na hata mteremko unapokuja, mwezi wa Agosti upepo wa kusi huvuma kutoka upande wa bahari ukimpiga msafiri usoni, hata akalazimika kukanyaga pedali kwa nguvu anakoteremka. Siku ya kwanza mimi nilitangulia, kama ilivyo desturi ya mzazi. Siku ya pili, saa tano ya asubuhi, magoti yalinigoma. Mwanangu akanipita, akasema, "Mama, kaa nyuma yangu. Upepo nitaukata mimi."

Sijui nilieleze vipi jambo hilo. Miaka kumi na sita nimekuwa mbele ya mtoto huyu: kumvusha barabara, kumjazia fomu, kumfokea kuhusu simu yake. Siku ile niliutazama mgongo wake kwa kilomita nyingi, fulana imeloa jasho, naye akigeuka kila baada ya dakika chache kuhakikisha kwamba ningali nipo. Mzazi anayependa kuonekana shujaa daima hamwachii mwanawe nafasi ya kuwa mtu mzima. Nilikuwa nimesoma hayo vitabuni. Barabarani nilisomeshwa upya.

Usiku huo tulilala Makindu, katika hekalu la waumini wa dini ya Sikh lililojengwa mwaka 1926. Mahali pale msafiri yeyote, wa dini yoyote, hupewa chakula na malazi bila kutozwa. Hakuna aliyetuuliza sisi ni akina nani wala tunafanya nini. Mwanangu alikula, akaosha sahani yake, kisha akaniuliza kwa nini sisi tunawauliza watu maswali mengi kabla ya kuwapa kipande cha mkate. Sikuwa na jibu la haraka.

Kutoka Mtito Andei hadi Voi, ambapo barabara hupita kati ya mbuga mbili za Tsavo, gari letu lilitufuata kwa karibu kwa sababu ya ndovu. Hatukuwaona ndovu. Tulichokiona ni miiba ya migunga, iliyotutoboa tairi mara nne kwa siku moja. Mwanangu alibandika viraka, mimi nikashika pampu.

Mtihani mkubwa haukuwa wa miguu. Usiku tulipolala Voi, nilipigiwa simu na msaidizi wa mheshimiwa mmoja. Alisema mkubwa wake amezisikia habari zetu, amefurahi, na yuko tayari kutoa fedha zitakazopita ahadi zetu zote kwa pamoja. Alitaka jambo dogo tu: tuingie Mombasa tumevaa fulana zenye picha yake, naye atupokee mbele ya wapiga picha.

Ninasema kweli: nilikaribia kukubali. Mwili ulikuwa unauma, na nilipiga hesabu haraka nikaona mashine mbili, pengine tatu. Mwanangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akalifungua daftari lake. Alisema, "Mama, hawa wote walitoa, na hakuna hata mmoja aliyetaka tuvae sura yake. Yule wa makaa tutamwambia nini?" Nikampigia msaidizi yule, nikamshukuru, nikakataa.

Wapo watakaosema kwamba huo ulikuwa upumbavu, kwamba fedha hazina harufu, na kwamba mwanafunzi asiyeona hajali zimetoka wapi. Hoja hiyo ina uzito, na usiku ule ilinikosesha usingizi. Lakini hebu tuyatazame yaliyolipata neno harambee. Mzee Kenyatta alipolifanya wito wa taifa mwaka 1963, maana yake ilikuwa watu kuvuta pamoja, kila mmoja kwa nguvu zake. Shule nyingi tunazofundisha na kusomea zilijengwa hivyo. Kisha wakubwa wakaugeuza wito huo kuwa mnada wa majina, maskini akawa mpiga makofi katika shughuli iliyokuwa yake. Ilibidi Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ijaribu kuwawekea mipaka, na bado mwezi Julai mwaka 2024 Rais alitangaza tena kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki michango hiyo. Ugonjwa unaotibiwa mara mbili kwa amri hautapona kwa amri. Utapona pale watoto wetu watakapoonja harambee ya asili, wakaijua ladha yake, na wakaikataa ile ya bandia.

Tuliingia Mombasa siku ya sita alasiri. Hapakuwa na mpiga picha. Dada yangu alitungoja na madafu, na mwanangu alilala sakafuni kabla hajamaliza kunywa. Ilituchukua majuma matatu kuzunguka na daftari kukusanya tulichoahidiwa. Wachache walitukwepa. Muuza makaa alilipa kwa awamu mbili. Fedha zilitosha mashine moja na shehena ya karatasi nzito, basi.

Simwelekezi mwalimu yeyote awapeleke wanafunzi katika barabara kuu bila maandalizi. Barabara ile haimpi mpanda baiskeli nafasi ya kutosha, na mara mbili malori yalitusukuma hadi kwenye changarawe. Kofia ngumu, mavazi yanayong'aa na gari la kufuata nyuma si anasa. Lakini si lazima iwe Mombasa, wala si lazima iwe baiskeli. Kila shule ina njia ya kijijini, na kila kijiji kina jambo linalohitaji mikono. Walimu, wapeni wanafunzi wenu nafasi ya kuahidi kazi kabla ya kuomba senti, na ya kutoa hesabu baada ya kuipokea. Wazazi, kabla hamjatia mkono mfukoni, jiulizeni iwapo mtoto anawaona mkitoa jasho au noti tu. Nanyi wanafunzi, mkiandika tena insha kuhusu kutoa ni moyo, tafuteni kwanza kilomita zenu za kuandikia.

Kwa yule mwenzangu aliyeniuliza swali, jibu langu ni kwamba fedha za chakula na mafuta zisingetosha hata robo ya mashine, na zingetoka katika mfuko mmoja. Hizi zilitoka katika mifuko ya mtaa mzima, nao mtaa mzima sasa huuliza habari za kijana yule na masomo yake.

Mashine yenyewe ina kelele. Ikianza kazi, darasa zima husikia. Mwanangu huniambia kwamba mwalimu wao wa historia siku hizi husita kidogo kila amalizapo sentensi, akaingoja inyamaze, ndipo aendelee.