Wawindaji wa bata Arkansas wauache msitu upumue

SHABIKI anayedamka alfajiri kuwahi jukwaa siku ya mechi ya watani wa jadi atawaelewa haraka wawindaji wa Arkansas, Marekani. Ni Desemba, baridi inauma, giza bado totoro, na boti zimeshapanga foleni kuingia msitu wa Bayou Meto. Msitu una zaidi ya ekari 30,000, lakini kila mtu anautaka upenyo uleule kati ya miti.

Utamu uko wapi? Siyo kwenye risasi. Bata mwitu wanaweza kupigwa kwenye mashamba ya mpunga ya jirani, tena bila mtu kugandishwa na maji ya magotini. Msituni mchezo ni mwingine. Mwindaji anavaa suruali ya mpira hadi kifuani, anajibanza kwenye shina la mwaloni, anapuliza filimbi inayoiga sauti ya bata jike. Mguu unachezesha maji taratibu, walio juu waone viwimbi wadhani wenzao wanakula. Kundi linazunguka mara moja, mbili, tatu. Halafu hao, madume ya kichwa cha kijani yanashuka kati ya matawi, karibu kiasi cha kusikia upepo wa mabawa. Akiinua uso mapema, kwisha habari, kama straika aliyeotea kwa hatua moja.

Na hiyo filimbi si ya mchezo. Mji wa Stuttgart, palepale Arkansas, unaandaa mashindano ya dunia ya kuita bata tangu 1936.

Sasa kuna ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa maji. Msitu hujaa kwa mvua na mito, lakini pia kwa kufunga mageti makusudi. Mwaloni uliolala wakati wa baridi unavumilia. Maji yakiingia kabla haujalala, au yakiganda hadi majani mapya yatoke, mizizi inakosa hewa. Miaka kibao ya kuwahisha maji ili msimu uanze msitu umejaa imeua mialoni mingi, na mialoni hiyo ndiyo inayodondosha mbegu zinazowaleta bata. Mamlaka ya wanyamapori ya jimbo ikaamua kuchelewesha mageti. Basi, kelele.

Wanaolalamika wana hoja, isipuuzwe. Msimu ni siku 60 tu, leseni imelipiwa, likizo imeombwa kazini, halafu mtu anafika anakuta matope. Matajiri wana misitu yao binafsi. Huu wa umma ndio uwanja wa mlalahoi.

Lakini hapohapo ndipo wanapojifunga wenyewe. Tajiri msitu wa umma ukifa atabaki na wake. Mwenye boti ya mkopo ataenda wapi? Mwaloni ukipandwa leo unachukua miaka 20 hivi kuanza kuzaa vizuri, maana yake anayeung'ang'ania msimu huu anamnyang'anya mwanawe msimu wake. Klabu inayouza vijana wote ili ibebe kombe mwaka huu mashabiki wanaizomea, tena kwa haki.

Wiki za mwanzo, msitu ukiwa bado mkavu, bata wako kwenye mpunga. Waombe ruhusa kwa wakulima, wakapige huko kwanza. Filimbi wabebe hizohizo.