Mafuta ya damu yapimwe siku ya kwanza

Mtu anapofikishwa hospitalini akijikunja kwa maumivu ya tumbo, akitapika, na hatimaye akaambiwa kuwa kongosho lake limevimba, swali analoulizwa mwanzo aghalabu huwa ni kama anakunywa pombe. Akijibu kwamba hanywi, jamaa waliomleta hutazamana. Jirani humnong’onezea mwenzake kwamba kumbe bwana yule alikuwa akinywa kwa siri.

Shaka kama hiyo inaumiza, na mara nyingi haina msingi. Ni kweli kwamba vijiwe vya nyongo na pombe ndivyo visababishi vikuu vya ugonjwa huu. Lakini kinachofuata ni kimoja ambacho wengi wetu hatujapata kukisikia, nacho ni wingi wa mafuta katika damu. Kwa makadirio ya wataalamu, hadi mgonjwa mmoja katika kila kumi huugua kwa sababu hiyo. Shehe au mchungaji asiyewahi kuonja tone la pombe anaweza kuupata. Mama mjamzito pia anaweza kuupata.

Kongosho ni tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Hutoa insulini ya kudhibiti sukari mwilini, na pia hutoa vimeng’enya vya kusaga chakula. Vimeng’enya hivyo hutakiwa kuanza kazi vikishafika utumboni. Vikianza kazi vikiwa bado ndani ya kongosho, hulishambulia kongosho lenyewe. Hapo ndipo huja yale maumivu makali juu ya kitovu, yanayopenya hadi mgongoni.

Mafuta ninayoyazungumzia si ile kolesteroli iliyozoeleka masikioni mwetu, bali ni aina nyingine iitwayo traigliseridi. Kipimo chake kinapaswa kuwa chini ya milimoli 1.7 kwa lita moja ya damu. Kikipita 5.6 hatari huanza kunyemelea, na kikivuka 11.3 hatari huwa kubwa. Damu ya mtu aliyefikia kiwango hicho ikiachwa itulie katika chupa ya maabara, maji yake ya juu huweza kuonekana meupe kama maziwa. Inaaminika kwamba mafuta hayo yanapovunjwa ndani ya kongosho hutoa asidi zinazounguza chembechembe zake, huku damu iliyokuwa nzito ikipita kwa taabu katika mishipa midogo.

Mafuta haya hupanda kwa sababu nyingi. Kisukari kisichodhibitiwa ndicho cha kuogopwa zaidi. Halafu kuna unene wa kupindukia, ulevi, kuzorota kwa tezi ya shingo, miezi ya mwisho ya ujauzito na baadhi ya dawa, zikiwemo tembe zenye homoni ya estrojeni. Wengine hurithi kasoro hiyo kwa wazazi. Isitoshe, nyama ya mafuta na chipsi si wakosaji pekee. Soda, sukari na vyakula vya wanga uliokobolewa vikizidi, ini huvigeuza kuwa mafuta hayo hayo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Mgonjwa wa kongosho anapolazwa, kipimo cha mafuta huachwa kando na kukumbukwa baada ya siku tatu au nne, kama kitakumbukwa. Wakati huo mgonjwa hajala kitu, anategemea maji ya mshipani, na mafuta yameshuka sana. Majibu yanaporudi huonyesha kuwa hali ni shwari. Mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani bila kujulikana kilichomlaza, nao wale waliomshuku ulevi hubaki na shaka yao.

Kuna watakaosema kwamba kipimo hicho hakina haraka kwa kuwa matibabu ya mwanzo ni yale yale. Nakubali kwamba mwanzo wake unafanana. Mgonjwa yeyote wa kongosho hupewa maji ya mshipani na dawa za kutuliza maumivu, huchunguzwa figo na upumuaji wake, na hulishwa mapema anapoweza kula. Hata hayo maji yana kiasi chake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kuyamimina kwa wingi kupita kiasi huleta madhara.

Lakini kujua chanzo hubadilisha mengi. Sukari ya mgonjwa ikiwa juu, insulini ya mshipani huishusha na kuyashusha mafuta pia, mradi sukari hiyo ipimwe mara kwa mara. Ipo pia mashine ya kuchuja damu ili kuondoa mafuta. Hata hivyo, utafiti haujathibitisha kwamba mashine hiyo huokoa maisha kuliko matibabu ya kawaida. Kwa hiyo mgonjwa wa Wajir au Siaya asikate tamaa kwa kuwa mashine haiko karibu naye. Anachohitaji zaidi ni kipimo cha mapema na uangalizi wa karibu.

Faida kubwa huja baada ya kutoka wodini. Aliyejulikana kuwa na mafuta mengi huweza kupewa dawa za kuyapunguza, akafunzwa namna ya kula, akaacha pombe na kudhibiti kisukari chake. Ndugu zake nao wakapimwa. Asiyejulikana hurudia maisha yale yale, na ugonjwa humrudia. Kila shambulio huweza kuacha kovu, na kongosho lililojaa makovu hushindwa kutoa insulini ya kutosha. Wengi walioshikwa na ugonjwa huu hupata nafuu katika muda wa wiki moja hivi, lakini takriban mmoja katika kila watano huugua vibaya, na baadhi yao hufa.

Ndiyo maana naomba hospitali za kaunti zetu zote 47 ziweke kipimo hiki katika orodha ya vile vinavyofanywa saa ile ile mgonjwa wa kongosho anapopokelewa. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kitanda cha wagonjwa mahututi.

Nawe msomaji, usikimbilie kila mara kusema ni vidonda vya tumbo. Maumivu ya ghafla juu ya kitovu yanayofika mgongoni na kuandamana na kutapika si ya kununuliwa tembe dukani wala kunywewa mitishamba ya kuharisha. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Na kama una kisukari, muulize daktari kama mafuta yako yamewahi kupimwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.