Noti Iliyopasuka Isiishie Mkononi mwa Mnyonge



Kila Jumapili, baada ya Misa, sisi tunaohesabu sadaka hupanga noti mezani kwa thamani yake: za franka 500 upande huu, za 1,000 upande ule, kisha za 5,000, na mara chache ya 10,000. Pembeni hubaki fungu jingine lisilo na mstari katika daftari la hesabu. Hizo ni noti zilizopasuka katikati, zilizokatika pembe, au zilizobandikwa utepe wa gundi hata namba zake hazisomeki. Fungu hilo halipungui, na sababu twaijua, maana sisi wenyewe tumelichangia. Noti ambayo mama wa sombe aliikataa Jumamosi, mwenye pikipiki akaikataa, na mwenye duka akaikataa, tunaikunja mara nne na kuitia kapuni Jumapili. Kapu halina mdomo wa kukataa.

Nabii Malaki aliwakemea makuhani wa wakati wake waliopeleka madhabahuni wanyama vipofu na vilema, akawauliza kama wangethubutu kumpelekea liwali wao zawadi ya namna hiyo. Yule mjane wa Injili alitoa sarafu mbili ndogo kabisa, lakini kwa sarafu hizo angeweza kununua chakula chake sokoni. Udogo wa sadaka haujawahi kuwa aibu. Aibu ni kumpa Mungu kile ambacho soko limekwisha kukitupa.

Hata hivyo, kapu ni kituo kimoja tu katika safari ya noti mbovu. Inafaa tuifuate njia yake yote.

Kwa sheria, mambo ni wazi. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika ibara ya 170, yaitambua franka ya Kongo kuwa fedha ya Jamhuri, yenye nguvu ya kulipa deni katika nchi nzima. Benki Kuu ndiyo inayoitoa. Noti ni ahadi ya mwenye kuitoa, na kuchakaa kwa karatasi hakuifuti ahadi. Lakini kutoka kwenye ibara hiyo hadi soko la Kilokwa, mjini Beni, kuna mwendo mrefu. Mama mwenye mtaji wa beseni moja la mihogo hawezi kuiacha meza yake asubuhi nzima ili apange foleni benki kwa ajili ya noti moja. Basi noti hiyo haiendi benki. Inazunguka, na kila mara hutoka kwa mwenye nguvu kidogo kwenda kwa asiye na nguvu.

Tunamkumbuka mama mmoja aliyekimbilia Beni baada ya kijiji chake kushambuliwa. Jioni moja, giza likiingia, mnunuzi alimpa noti ya franka 5,000 iliyokunjwa vizuri. Asubuhi yake, aliyemwuzia mihogo kwa jumla aliikunjua, akamwonyesha kwamba namba ya kushoto haikulingana na namba ya kulia: nusu mbili za noti mbili tofauti zilikuwa zimegundishwa pamoja. Siku hiyo meza yake ilikaa tupu. Aliyemlipa alijua alichokuwa akikitoa, na giza alikuwa amelichagua.

Kwa dola, hofu huzidi. Huko Marekani zinakotoka, noti yenye mpasuko mdogo hununulia mkate bila maswali, na noti zao zilizotolewa tangu 1861 hazijafutwa hata leo. Noti ya Marekani iliyoharibika hubadilishwa kwa thamani yake kamili iwapo zaidi ya nusu yake imebaki na inatambulikana. Kwetu Butembo, mkulima wa kahawa au mfanyabiashara aweza kurudishiwa dola 100 kwa sababu ya tundu la pini. Mwenye duka amhofu mbadilisha fedha. Mbadilisha fedha aihofu benki. Nayo benki hapa nchini haina njia rahisi ya kuirudisha noti hiyo ilikotoka. Hivyo wote huikataa, isipokuwa mmoja anayekubali kuinunua kwa bei ya chini, naye humchagua mwenye shida ya haraka zaidi: mwenye mgonjwa hospitalini, au mzazi anayedaiwa karo.

Sisi tuliokuwa vijana enzi za Zaire tuliona jinsi imani ya watu kwa fedha inavyokufa. Mnamo Januari 1993 askari walilipwa kwa noti za zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakazikataa, na Kinshasa ikaporwa. Noti zile zilikuwa mpya, zikinukia wino. Mwaka uleule, zaire mpya ilipoletwa kwa kiwango cha moja kwa milioni 3 za zamani, watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea kutumia noti zao zilizochakaa, na biashara yao ikaendelea. Karatasi nzuri bila uaminifu haikununua kitu; karatasi mbovu yenye uaminifu ilinunua chakula.

Tufanye nini basi? Kwanza, tuitunze noti: tusiichore, tusiitoboe, tusiifinyange mfukoni. Ikilowa, tuikaushe ikiwa imenyooka. Ikikatika, tuvihifadhi vipande vyote ndani ya bahasha, wala tusiunganishe kamwe vipande vya noti mbili, maana huo ni udanganyifu. Pili, tukimpa mtu noti yenye kasoro, tuikunjue mbele yake, mchana, na tumwachie uhuru wa kuikataa. Tatu, tusiikatae noti ya mnyonge kwa sababu ya mpasuko mdogo ambao sisi tunaweza kuushughulikia kwa urahisi kuliko yeye.

Mtatuambia: «Nami nilipewa hivyohivyo, kwa nini hasara inibakie mimi?» Swali hilo ni la haki, na hatutalijibu kwa maneno mepesi. Kwa mwanafunzi, franka 5,000 si mchezo. Lakini kudanganywa hakumpi mtu ruhusa ya kudanganya. Kama kila mmoja atamtafuta wa kumtwisha, tumekwisha kujua mzigo utaishia kwa nani: kwa mtoto aliyetumwa mafuta, au kwa bibi asiyeona vizuri.

Kwa hiyo tunawapa shauri. Kila kundi la vijana liwe na bahasha moja. Wanakundi walete noti zao zilizopasuka, ziandikwe katika daftari pamoja na namba zake na majina ya wenyewe. Mara moja kwa mwezi, wawili kati yenu wazipeleke benki kwa niaba ya wote, na wawapelekee pia zile za akina mama wa soko walio jirani na parokia. Zile ambazo benki itazikataa, hasara yake igawanywe. Franka 5,000 zikigawanywa kwa vijana 25, kila mmoja atapoteza 200. Hasara iliyofunga meza ya mama mmoja, kundi zima laweza kuibeba bila kulala njaa.

Maswali ya kutafakari pamoja:

1. Noti mbovu ya mwisho tuliyokuwa nayo, tulimpa nani, na saa ngapi?

2. Ni nani katika mtaa wetu asiyeweza kukataa anachopewa?

3. Bahasha ya kundi letu itatunzwa na nani, kuanzia Jumapili hii?