500 si jibu, fungua logi

KIBODI YA JIONI
Na Mwinyi Kitufe

Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia simu saa tano usiku. Hata shikamoo hakutoa. "Mjomba, Perl imenikataa." Kwenye brauza yake palikuwa na ukurasa mweupe wenye namba 500, na kwa saa tatu alikuwa akifuta mstari huu, akiongeza nukta mkato pale, akibahatisha.

Nikamuuliza logi inasema nini. Kimya.

Hapo ndipo ninapogombana na vijana wanaoanza kuandika skripti za wavuti. Ile 500 ni bawabu tu: anakwambia huingii, mengine kamuulize mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni faili la error.log, ambalo kwenye Ubuntu yenye Apache hukaa /var/log/apache2.

Tukalifungua. Ikasema eti faili la skripti yake, salamu.pl, halipo! Kijana akacheka kwa hasira, maana salamu.pl analiona kwa macho yake, ruhusa ameshaliwekea 755, na akiliendesha mwenyewe kwa amri ya `perl salamu.pl` linasalimu vizuri kabisa. Nikamwambia aandike `cat -A salamu.pl`. Mwishoni mwa mstari wa kwanza, ule wa `#!/usr/bin/perl`, kukachomoza ^M.

Skripti ilikuwa imeandikwa kwenye Windows, ambako mstari hufungwa kwa herufi mbili, wakati Linux inatosheka na moja. Ile ya ziada huioni, lakini mashine ilikuwa ikitafuta programu inayoitwa perl yenye mkia, na programu hiyo haipo. Ukiiita Perl kwa mkono, hakuna anayeitafuta kupitia mstari ule, na Perl yenyewe mkia haiujali. Tukapitisha dos2unix.

500 tena. Sasa logi ikalalamikia kichwa kibovu. Utaratibu wa CGI, uliozaliwa NCSA kule Marekani mwaka 1993, unataka skripti itaje kwanza aina ya kitu inacholeta, kisha iache mstari mtupu, ndipo ukurasa uanze. Yeye aliandika `Content-type: text/html` na `\n` moja. Zinatakiwa mbili.

Ukurasa ukafunguka, lakini anwani ya barua pepe, maoni@mfano.co.tz, ikasomeka maoni.co.tz. Ndani ya nukuu mbili Perl huona @mfano ikadhani ni orodha, na orodha hiyo ni tupu. Angeweka `use strict` juu, Perl ingegoma na kumtajia mstari wenye kosa. Aliiondoa kwa sababu, kwa maneno yake, "inaleta makosa." Nilicheka mpaka mke wangu akaamka.

Wapo wanaopenda fatalsToBrowser, inayomwaga kosa moja kwa moja kwenye brauza. Nyumbani itumie. Kwenye seva ya wateja iondoe, la sivyo utawaonyesha wapita njia mafaili yako yanakaa wapi.

Jumamosi akapiga tena, mchana.

"Shikamoo, mjomba. Logi inasema CGI.pm haipatikani."

Marahaba. Kitabu anachofuata ni cha zamani. Moduli hiyo, kazi ya Lincoln Stein, iliondolewa kwenye Perl ya msingi toleo la 5.22, mwaka 2015. Inabidi aishushe mwenyewe kutoka CPAN.