Video ya kupashana simu kwa simu: mega za nani zinaisha?

Kuna programu za video ambazo seva haibebi muzigo yote: mutu anayetazama mechi anapokea vipande, na papo hapo simu yake inavituma kwa wengine. Januari 2006, watu zaidi ya 200,000 walitazama hivyo sherehe ya mwaka mupya wa China kupitia PPLive. Wachunguzi waliopima rezo hiyo walikuta video inaweza kungojesha mutu mpaka dakika 2 mbele ya kuanza, tena jirani mumoja anaona goli, mwingine bado.

Lakini huku Bukama kipimo cha kwanza ni mega. Video ya kilobiti 400 kwa sekunde inakula mega 3 kwa dakika, ni kusema 270 kwa mechi ya dakika 90. Kama simu inatuma sawasawa na inavyopokea, inakuwa 540, na zote zinatoka kwenye forfe yako. Katika vipimo vile, kompyuta za chuo kikuu ndizo zilituma nyingi sana. Rezo yao ilikuwa pana. Mwenye simu kandokando ya Lualaba atazihesabu. Kupitishiana filamu kwa Bluetooth ni polepole, ndiyo, lakini hakuli hata mega moja.