Baba anasubu risasi, mtoto ndiye anayeila



Mama mmoja wa hapa Mwenge alimleta mwanawe wa miaka mitatu katika zahanati ninayofanyia kazi mara tatu ndani ya miezi michache. Mara ya kwanza mtoto alikuwa analia tumbo, na choo chake kilikuwa kigumu kwa siku kadhaa. Nikampa dawa ya minyoo. Mara ya pili viganja vyake vilikuwa vimepauka, damu imepungua. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, nikampa dawa ya kuongeza damu. Mara ya tatu mama akasema neno lililonifanya niweke kalamu chini: "Daktari, huyu mtoto alishaanza kuongea vizuri. Sasa naona kama anarudi nyuma."

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ya kwanza: baba yake anafanya kazi gani?

Baba anasubu chubwi, yaani vile vizito vya risasi vinavyofungwa kwenye nyavu na mishipi. Hununua betri chakavu kutoka kwa mafundi wa magari, pamoja na vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye ringi wakati wa kubalansi magurudumu. Uani kwake ana meza ya mbao, jiko la mkaa, sufuria kuukuu na kalibu zake. Akishasubu, huwapelekea wavuvi wa Msasani na Kunduchi. Ni kazi ya jasho na riziki ya halali. Lakini mtoto alipopimwa damu katika hospitali tuliyompa rufaa, risasi ilikuwamo, tena nyingi.

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye mtutu wa bunduki, na risasi ni hayo madini yenyewe, mazito na laini, yanayoyeyuka upesi. Ile ya bunduki kila mtu anaiogopa, na anayeitengeneza nyumbani bila kibali ana kesi ya kujibu kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Hii ya chubwi hakuna anayeiogopa. Lakini mwili hautofautishi. Awe mtu anasubu goroli ya gobori au kizito cha wavu, kinachoingia mwilini mwake na mwa wanawe ni kile kile.

Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji asipate tabu kuyatafuta: meza ya kusubu risasi haina nafasi katika nyumba wanamoishi watoto. Sisemi ipangwe vizuri zaidi au isogezwe upande wa pili wa ua. Nasema iondoke.

Tuangalie madhara yanapitia wapi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, na moto wa mkaa unaopulizwa hupita hapo kwa mbali. Inapopata moto mkali hutoa moshi ambao ukipoa hugeuka vumbi laini sana. Vumbi hilo hutua juu ya meza, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye ndoo ya maji na kwenye mchanga wa ua. Halina rangi ya kutisha wala harufu ya kumshtua mtu. Ule utandu wa kijivu anaoutoa fundi kwa mwiko na kuumwaga pembeni nao ni unga wa risasi. Betri ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu sahani zake si chuma kitupu. Zimepakwa uji wa risasi ambao ukikauka huwa unga. Betri moja ya gari dogo inaweza kubeba karibu kilo 10 za risasi. Anayeipasua kwa shoka uani na kumwaga tindikali chini amekwisha kuutia ua wake sumu kabla hata hajawasha jiko.

Mtu mzima huvuta moshi ule, au hula chapati kwa mikono yenye vumbi. Mtoto hutambaa, hushika na kutia vidole mdomoni, na wengine hula udongo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile kilichomezwa. Ikishaingia hupunguza damu, huumiza figo, na zaidi huharibu ubongo unaokua. Inayobaki hujificha kwenye mifupa na meno kwa miaka mingi. Mwanamke aliyeila utotoni, siku akibeba mimba hutoka mifupani na kumfikia aliye tumboni. Shirika hilo linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2021 lilielekeza kwamba mtu akikutwa na maikrogramu 5 katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe.

Wapo watakaosema daktari anatisha watu. Basi twende Senegal, nchi ya wavuvi na Waislamu kama sisi wa pwani. Katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa jiji la Dakar, wahunzi kwa miaka mingi walikuwa wakitoa risasi kwenye betri za magari na kusubu vizito vya nyavu, sawa kabisa na jirani yetu wa Mwenge. Mabaki yakajaa mchangani. Bei ya risasi ilipopanda, akina mama wakaanza kuuchimba na kuuchekecha mchanga ule ili kuuza vipande, na magunia mengine yakaingizwa hadi ndani ya nyumba. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Hapakuwa na kiwanda kikubwa pale. Palikuwa na majiko, mchanga na watu wanaotafuta chakula cha jioni.

Karibu zaidi ni Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi mwaka 2007 na kikafungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa na risasi kwenye damu. Akaongoza wakazi kudai haki, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikazunguka katika rufaa hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha hukumu ile Desemba 2024. Ndugu msomaji, fidia hainunui ubongo mpya. Na mtoto anayedhuriwa na meza ya baba yake mwenyewe atamshitaki nani?

Nilikwenda nyumbani kwa yule baba jioni moja. Alinipokea vizuri, akazima jiko, akatia udhu kwa maji ya kopo, akatandika msala sebuleni tukaswali magharibi. Shati alilokuwa amesubia alikuwa nalo mwilini. Aliposujudu, mtoto akaja akampanda mgongoni, akalaza shavu lake kwenye shati lile. Sijapata kuona mapenzi na hatari vikikaa pamoja namna ile.

Sisi tuliosoma madrasa tumefundishwa twahara kwa kina. Tone la damu likigusa kanzu tunahangaika nalo mpaka liondoke. Vumbi la risasi kifiqhi si najisi, na sisemi swala ya bwana yule ina kasoro. Nasema kwamba umakini tulionao kwa najisi tusioutumia kwa sumu ni umakini wa nusu. Dini iliyotufunza kuosha mkono kabla ya kuutia chomboni ndiyo iliyokataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwingine. Na udhu wa maji matupu hauiondoi risasi. Inahitaji sabuni, kusugua kucha na kubadili nguo.

Sasa nijibu hoja nilizozisikia kwa yule bwana na kwa wenzake.

"Marehemu mzee wangu alisubu miaka yote na akazeeka." Inawezekana. Risasi haiui watu wengi papo hapo. Humwachia mtu shinikizo la damu na figo mbovu, naye akaitwa mzee mgonjwa tu. Kwa mtoto huiba akili polepole. Ni wangapi tuliokaa nao jamvini ambao mwalimu aliwachapa bakora kwa sababu hawahifadhi, hawatulii, wanasahau aya waliyosoma jana? Sidai kila mmoja wao alikuwa na risasi mwilini. Nawaomba waalimu wetu kitu kimoja: mtoto mzito wa kuhifadhi, kabla ya bakora, muulizeni baba yake anafanya kazi gani na wapi.

"Ninakunywa maziwa." Hii ni imani kubwa kwa mafundi wa kuchomelea na wapaka rangi. Maziwa ni chakula kizuri, na mtoto anayeshiba, mwenye madini ya chuma na ya chokaa ya kutosha, hunyonya risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Lakini maziwa hayaisafishi iliyokwisha kuingia. Hijama nayo haiitoi iliyojificha mifupani, na habasoda haimtoshelezi mtoto mwenye sumu hii. Tiba ya kwanza ni kumtenga na chanzo. Dawa za kuitoa zipo, lakini hutolewa hospitalini chini ya uangalizi, kwa wanaostahili.

"Nitakula nini?" Hili ndilo swali zito kuliko yote, na mwenye mshahara asilijibu kwa wepesi. Sitaki mtu akose riziki. Nataka riziki ihame nyumbani. Wasubuji wachache wakiungana na wavuvi wa diko lao wanaweza kuwa na banda moja, lenye sakafu ya saruji na wazi kwa upepo, mbali na nyumba, visima na shule. Ofisi ya serikali ya mtaa iwasaidie kupata mahali, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liwaelekeze masharti badala ya kuwajia siku ya kuwakamata tu. Wavuvi nao wajue kuwa zipo nyavu zinazozama vizuri kwa vizito vya mawe au saruji.

Mpaka hapo mahali patakapopatikana, kwa yeyote mwenye risasi nyumbani leo hii, haya ni ya lazima:

Kwanza, usipasue betri. Iuze nzima kwa mnunuzi mwenye kibali. Usiimwage tindikali yake ardhini.

Pili, vipande vya risasi viwekwe kwenye ndoo ngumu yenye mfuniko, iliyoandikwa, juu ya ubao na si mchangani, katika stoo inayofungwa. Visikae uvunguni, jikoni, wala kwenye kopo la maziwa au mafuta ambalo mtoto analijua. Utandu na majivu yake viwe na kopo lao lenye mfuniko. Visimwagwe kwenye bustani ya mchicha wala palipo na kuku.

Tatu, sufuria na mwiko wa risasi visirudi jikoni kamwe, hata vikisuguliwa kwa mchanga vikang'aa.

Nne, nguo na viatu vya kazi vibaki kazini. Vifuliwe peke yake, na mama asivikung'ute. Fundi aoge kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto na kabla ya kula au kuvuta sigara.

Tano, usifagie vumbi kavu. Lifute kwa kitambaa kibichi baada ya kila kitu kupoa. Maji yasikaribie sufuria ya risasi iliyoyeyuka, kwani tone moja hulipuka na kurusha madini usoni. Kitambaa cha kuziba pua hakizuii moshi huu.

Sita, mjamzito na mtoto wasikae karibu na kazi hiyo hata kwa dakika chache za kuangalia. Mtoto wa fundi akiwa na maumivu ya tumbo yasiyoisha, choo kigumu, upungufu wa damu au kurudi nyuma katika kuongea, mpelekeni hospitali na mseme wazi kazi ya baba. Nasi matabibu tuulize, maana mimi mwenyewe niliuliza nimechelewa.

Ninayasema haya nikijua ni nusu ya kinga. Nyumba yenye chumba kimoja na ua mmoja haiwezi kuwa kiwanda na malezi kwa wakati mmoja, hata meza iwe nadhifu namna gani.

Yule baba ameihamisha meza. Tulikwangua udongo wa juu pale uani tukiwa tumeulowesha ili usitimke, ukafungwa ndani ya magunia ya plastiki, na pale mahali pakamwagwa zege. Mtoto anaendelea kufuatiliwa. Rangi ya viganja imerejea na maneno yanarudi mojamoja. Mama aliniuliza kama atakuwa sawasawa na wenzake. Sikumwahidi. Nilimwambia tumwombee, tumlishe, tumpeleke kliniki, na asikanyage tena mahali inapoyeyushwa risasi.

Mtoto ni amana. Tusimlishe kwa mkono mmoja na kumtilia sumu kwa mkono wa pili.

Wabillahi tawfiiq.